Daktari Mvivu wa Changamwe

Siku hizi wajukuu zangu huchagua daktari kama wanavyochagua kanga. Wanauliza huku, wanapapasa kule, wanarudi nyumbani kufikiri. Daktari awe karibu, awe na subira, awe ni mtu wa kusikiliza. Nawasikia, nacheka peke yangu. Kwetu Kisauni, nilipokuwa msichana, daktari alichaguliwa na baba, na baba alikuwa na kipimo kimoja tu: daktari mzuri ni yule asiyekuuliza kitu.

"Nikijua naumwa na nini," alikuwa akisema, "nimwendee yeye kufanya nini?"

Usimcheke bado. Hiyo ilikuwa elimu ya mtaa mzima. Watu walikuwa wamezoea mganga wa ramli, aliyetandaza mchanga wake, akachora, akakueleza shida zako wewe mwenyewe ukiwa umefunga mdomo. Mganga wa kuuliza "Waumwa wapi?" angekufa njaa. Sasa daktari aliyesoma mpaka ng'ambo, akavishwa koti jeupe, yeye ndiye aulize? Kwa baba, kila swali la daktari lilikuwa ushahidi kwamba darasani alikuwa akisinzia.

Mama naye alikuwa na elimu yake, nayo ilikuwa ya adabu. Mtu akikuuliza hali, hali ni njema. Hata nyumba iwe imeungua, utajibu kwanza kwamba habari ni nzuri, watoto wazima, sote salama, alhamdulillahi. Ndipo baadaye, aliyeuliza akionyesha hana haraka, utashusha pumzi na kusema, "Ila..." Ndani ya hiyo ila ndimo ulimosubiri moto, na nyumba, na maiti akiwapo. Watu wa pwani hatusemi uongo. Tunatanguliza mazuri, basi, na asiye na nafasi ya kungoja mabaya yetu tunamruhusu aende zake.

Basi chukua mwanamume asiyetaka daktari aulize, umwoze mwanamke asiyesema mpaka aulizwe akaulizwa tena, kisha umtie yule mwanamke ugonjwa. Utaelewa jinsi mama yangu alivyokaribia kupoteza mguu huku akitibiwa na madaktari watatu.

Mwanzo wake ulikuwa mbuzi ya kukunia nazi. Siku ya maulidi jikoni kulijaa wanawake, mtu akaiacha wazi sakafuni, mama akageuka na sufuria mikononi, meno ya mbuzi yakamchana kidole gumba cha mguu. Lilikuwa jeraha dogo. Akalitia manjano, akalifunga kitambaa, akaendelea kupakua pilau, kwa sababu wageni hawali kidole cha mtu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano hivi, nimetolewa shule kwa sababu niliyoambiwa nitaielewa nikikua. Nimekua, nimezeeka, bado naingoja. Lakini kukaa nyumbani kulinipa kazi ya kusikiliza. Mama alivaa mitalawanda, vile viatu vya mbao, na nyumba nzima ilijua yuko wapi kwa mlio wake. Baada ya maulidi mlio ukabadilika. Mguu mmoja uligonga, mwingine ukaburura.

"Mama, mguu una nini?"

"Hauna neno, mwanangu. Ni viatu vimechakaa."

Kisha mtungi wa maji ukaanza kukauka mapema. Mama akatugombeza sisi watoto kwamba tunamwaga maji ovyo, na huku kata ilikuwa mkononi mwake. Halafu wakaja sisimizi. Walijipanga ukutani, wakateremka mpaka chooni, mahali pasipo na sukari wala asali, nasi tukawamwagia mafuta ya taa, wakarudi. Hakuna aliyeuliza wamefuata nini. Na mama akawa anakonda.

Baba hakuona mtungi wala mguu. Aliona bangili. Siku moja mama alikuwa akikanda unga wa maandazi, bangili za dhahabu zikateleza mkononi na kubaki ndani ya unga, na kwa kuwa zile bangili alizinunua yeye, baba alishtuka kweli kweli. Asubuhi yake akafunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata alipofiwa na ami yake, tukaenda mjini kwa daktari.

Huyu wa kwanza alikuwa kipenzi cha baba. Tulivuka daraja la Nyali, tukaingia kwenye chumba kilichojaa watu, na foleni ilikuwa ikienda mbio kuliko basi lililotuleta. Ukiingia, umeshatoka. Mama akaketi, buibui limemfunika mpaka vidoleni.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, bwana."

Daktari akamfunua kope moja, akasema damu imepungua, akachukua sindano. Sijui kama aliwahi kukaa. Tulipotoka baba alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Umeona? Hata jina hakuuliza."

"Nimeona," mama akasema.

Sindano zile ziliendelea kwa wiki kadhaa. Mkono wa mama ukavimba, mguu ukaendelea kuburura, na baba akasema dawa inatembea mwilini, tuipe nafasi. Tuliipa nafasi. Haikwenda popote.

Daktari wa pili alikuwa Mzungu, rafiki wa mteja mmoja wa baba. Huyu aliuliza, masikini, tena aliuliza sana, lakini kwa Kiingereza. Swali lilitoka kwake likaenda kwa karani wake, karani akalitia katika Kiswahili cha bara na kumpa baba, maana si adabu kuzungumza na mke wa mtu mumewe yupo. Baba akalitazama lile swali, akaona halina haja ya kufika kwa mama, akalijibu mwenyewe.

"Anakula?" karani aliuliza.

"Anakula," baba akajibu.

"Analala?"

"Analala."

"Ana maumivu?"

Hapo baba akamgeukia mama, kwa sababu hata yeye alikuwa na mipaka. "Hujambo lakini?"

"Sijambo," mama akasema, mbele ya wanaume watatu na mlango ulio wazi.

"Hajambo," baba akasema, "ni homa ya majira tu." Karani akatafsiri, Mzungu akaandika, tukapewa kwinini. Sijawahi kuona mtu anayeumwa akizungukwa na wasomi wengi hivyo na asipate nafasi ya kusema neno.

Wa tatu hatukumfuata mbali. Alikuwa jirani yetu, dresa aliyewahi kufunga vidonda hospitali na sasa akitibu watu uani kwake. Tulimwita daktari, naye hakukataa. Wa kufunga vidonda ndiye hasa tuliyemhitaji, lakini mkewe alikaa dirishani mle mle akipepeta mchele, na ule mchele haukupata kwisha. Mke huyo alijua nani ana bawasiri, nani mimba imemtoka, na Kisauni nzima ilijua anavyojua. Dresa akauliza, "Hujambo, dada?" Mama akatazama ungo dirishani.

"Sijambo kabisa," akasema.

Tukarudi na chupa ya dawa ya kikohozi. Mama hakuwa na kikohozi.

Nilimkasirikia. Nakwambia ukweli: nilimkasirikia mama kuliko nilivyomkasirikia baba, kwa sababu baba hakujua na mama alijua. Nilimwona uani akifungua kile kitambaa akidhani yuko peke yake, akakigeuzia uso pembeni, akakifunga tena. Harufu ilinifikia nilipokuwa nimesimama.

"Mwambie mtu," nikamwambia.

"Nimwambie nani?" akaniuliza. Hakuwa akinijibu kwa ukali. Alikuwa akiuliza kweli.

Sasa nimtie shangazi. Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliolewa Changamwe na mwanamume wa kazi ya bandarini, na huko alikuwa na daktari wake aliyemsifu mpaka watu wakachoka. Daktari mwenyewe alikuwa Mhindi wa makamo, mzaliwa wa Mombasa, na sifa yake kubwa mtaani ilikuwa uvivu. Ukienda asubuhi, walisema, utatoka na mvi. Kulikuwa na hadithi ya mtu aliyeingia na chafya, akatoka ameeleza ugomvi wake na mwenye nyumba na jinsi mwanawe alivyokataa chuo. Baba alipoisikia alitikisa kichwa kwa huzuni ya dhati.

"Daktari wa kupiga soga," akasema. "Hana ajualo. Anangoja mgonjwa amwambie."

Ndivyo alivyosema, na hajapata kusema kweli kubwa kama hiyo maishani mwake.

Mwaka ule shangazi akaoza binti. Tukaenda Changamwe kwenye arusi, mama, mimi na wadogo zangu. Baba akabaki dukani, atakuja siku ya kula. Siku ya pili wanawake walikuwa uani wakikuna nazi, na mama akapewa mbuzi, akaketi, akakuna kama wenzake. Kazi ilipokwisha wenzake wakainuka. Mama akajaribu kuinuka, akaketi tena. Akajaribu mara nyingine huku akitabasamu, kama mtu aliyeamua tu kuendelea kupumzika.

Shangazi alimtazama, kisha akamwinamia, kisha akasimama wima.

"Wifi," akasema, "twende kwa daktari wangu. Na huyo ndugu yangu akitaka, anishtaki."

Hivyo ndivyo tulivyompata daktari anayetufaa. Baada ya mahangaiko yote ya baba, baada ya kuvuka madaraja na kuulizana barazani, tulimpata kwa sababu alikuwa nyumba chache kutoka mahali mama aliposhindwa kusimama.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, kando ya reli. Palikuwa na pazia zito mlangoni, naye alilivuta mwenyewe tulipoingia. Nikampa shikamoo, akasema marahaba, mwanangu, akaniuliza nimeamkaje. Kisha akamgeukia mama.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, bwana."

Nikafumba macho. Nikasema moyoni, haya, sasa tutapewa dawa ya mafua.

"Hali yako?"

"Njema, alhamdulillahi."

"Na mwenyewe?"

"Mzima. Yuko Kisauni, dukani kwake."

"Na watoto?"

"Wazima wote. Huyu ndiye mkubwa."

"Mashallah. Na arusi?"

"Arusi njema. Watu wamejaa, hapana hata pa kuweka mguu."

"Kisauni mvua imenyesha?"

"Imenyesha. Mihogo imeshika vizuri."

Shangazi akashindwa kuvumilia. "Daktari, huyu mtu amekuwa—"

"Ngoja kidogo, dada," akasema. Akafunika kalamu yake, akailaza mezani, akakunja mikono, akanyamaza. Nje likapita garimoshi la mizigo, behewa baada ya behewa, naye akaliacha lipite. Hakutazama saa wala hakukohoa. Alimtazama mama kama mwenyeji amtazamavyo mgeni ambaye hajamaliza kula.

Mama akashusha ushungi mpaka mabegani.

"Ni hivyo tu," akasema. "Ila..."

Ilikuwa ila ya miezi. Ilianza na kiu, ikaingia kwenye macho yanayoona ukungu, ikapita kwenye kuamka amka usiku kwenda chooni, ikateremka mpaka mguuni. Alisema mambo ambayo sikuyajua, na mimi niliyedhani najua yote. Alisema akikanyaga kaa la moto hasikii. Alisema anaogopa kufa kabla sijaolewa, halafu mdogo wangu wa mwisho atalelewa na nani. Alisema bila kulia, mfululizo. Shangazi ndiye aliyelia.

"Tangu lini, mama?" daktari akauliza.

"Tangu maulidi."

Hakuuliza, "Kwa nini hukuja mapema?" Kila daktari niliyemwona tangu siku ile analijua swali hilo, wengine nadhani wanafundishwa kulianza.

"Na chooni kwenu, sisimizi wanakusanyika?"

Mama akanigeukia kwa ghadhabu. "Umemwambia wewe?"

"Sikumwambia, mama, wallahi."

"Hajaniambia," daktari akasema. "Sisimizi hawakosi pahala pa sukari, na yako inatoka na mkojo. Ni kisukari, mama. Sasa nionyeshe mguu."

Kitambaa kilipofunguliwa nilimshika mama mkono, nikamwonea huruma mpaka nikawachukia watu wote wenye miguu mizima. Daktari akainama pale chini, akakaa amechuchumaa muda mrefu. Akasema kidole kimekwisha. Mguu, akasema, bado tunaweza kuugombania, lakini ni leo, si baada ya arusi.

"Nimwulize bwana kwanza," mama akasema.

"Nitamwuliza mimi," shangazi akasema, na kwa jinsi alivyosema nilimhurumia baba, mara yangu ya kwanza.

Kidole kilikatwa, mguu ukabaki. Baba alifika hospitali akiwa amevaa kanzu ya arusi, akasimama penye kitanda, akautazama mguu uliofungwa, akamtazama mama. Alikuwa anatetemeka. Sijui kama kwa hasira au kwa hofu. Nadhani hakuwa na desturi ya kuzitenganisha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uulize," mama akasema.

Baba akaketi. Aliendelea kukaa hapo mpaka wakamwambia saa za kutazama wagonjwa zimekwisha.

Mola ni mwingi wa huruma, hakumwacha baba mikono mitupu: dawa ya kisukari ikawa sindano, tena kila siku, nyumbani. Nilifundishwa kuzichemsha na kuzipiga mimi. Baba alikuwa akija kusimama mlangoni kutazama, na mama akishachomwa, yeye ndiye aliyeshusha pumzi ya kupona.

Tangu hapo tukawa watu wa Changamwe. Kutoka Kisauni tulivuka daraja, tukakata kisiwa kizima, tukatoka upande wa Makupa, tukiwapita madaktari wote wa mjini na vibao vyao vya shaba, ili tukaulizwe habari za mihogo. Kwa kinyozi baba aliwaambia wenzake kwamba yeye ndiye aliyemgundua daktari huyu. "Msiende kwa hawa wa haraka haraka," aliwaonya, na kidole kakiinua juu. "Daktari ni kusikiliza." Mama akapata habari hizo. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Ikaja miaka ya kungoja uhuru. Barazani watu walibishana kutwa kama pwani yetu itakuwa ya nani, na kila aliyekuwa na mahali pa kwenda aliulizwa anakwenda lini. Watoto wa daktari walikuwa wameshahamia Uingereza, wakamwandikia aje. Alitangulia kutuambia kliniki kwake, kwa maneno machache, huku akimpima mama kama kawaida. Tukarudi Kisauni. Baba akaanza mara moja kumtajia madaktari wa kumrithi, mmoja ana sindano mpya kutoka Ujerumani.

"Huyo wa kufuata nitamtafuta mimi," mama akasema. "Nitawasalimu mmoja mmoja. Nitakayemwona anatazama mlango, namwachia wewe."

Siku chache kabla ya kuondoka, daktari alikuja nyumbani kwetu kuaga. Kabla ya hapo hakuwahi kufika hata siku moja. Alitoka kwenye teksi amevaa suti nzito ya kule anakokwenda, akitokwa na jasho. Mama alitoka akakaa naye barazani, baba akiwapo, jambo ambalo lisingewezekana kabla ya kile kidole. Nikaleta kahawa na halua.

"Hujambo, daktari?" mama akauliza.

"Sijambo, mama."

"Hali yako?"

"Njema kabisa."

"Na watoto huko?"

"Wazima. Wamenunua nyumba, wamenitengea chumba changu."

"Na safari?"

"Safari tayari. Kila kitu kimefungwa."

"Mashallah!" baba akasema. "Ulaya kuzuri, daktari. Utastarehe. Hata mimi ningekuwa—"

"Ngoja kidogo, bwana," mama akasema.

Akamjazia daktari kikombe. Akaisogeza sahani ya halua upande wake, akakunja mikono, akanyamaza. Barabarani lori lilipita na vijana juu yake wakiimba za uhuru, likaenda, vumbi likatulia. Daktari aliinua kikombe, akakirudisha bila kunywa.

"Ila," akasema.

Mama hakuondoa macho kwake.

"Ila mimi nimezaliwa hapa, mama. Mke wangu nimemwacha hapa ardhini. Sitaki kwenda."

Mama akavuta kiti chake kikaburura sakafuni, mpaka akawa karibu.

"Tangu lini, daktari?" akamwuliza.